Kimbunga Kikiwa Mbali, Ufukwe Tayari Unaliwa

Tarehe 16 Agosti 2024, nyumba iliyojengwa juu ya nguzo ufukweni Rodanthe, North Carolina, Marekani, ilianguka baharini. Wakati huo kimbunga Ernesto kilikuwa karibu na Bermuda, takriban kilomita 1,000 kutoka hapo. Upepo wake haukufika Rodanthe, mawimbi yake yalifika. Mimi huchunguza mabadiliko ya fukwe, na swali ninaloulizwa kila msimu ni moja: "Kitatua wapi?" Ni swali la haki, ila limeacha nje pwani nyingi.

Pale kinapotua, hatari kubwa ni maji yanayosukumwa na upepo kuelekea nchi kavu. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo walio kulia mwa njia yake hupigwa na upepo wa kutoka baharini. Walio kushoto wanaweza hata kuona maji yakirudi nyuma. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipandisha maji zaidi ya mita 8 huko Pass Christian, Mississippi, mashariki mwa jicho (kitovu cha kimbunga), yaani kulia mwa njia yake.

Maji yakishapanda, mimi hutazama matuta ya mchanga. Mawimbi yakila tuta kwenye kitako chake tu, hubaki ukuta uliosimama wima, mizizi ya nyasi ikining'inia, na mchanga uliochukuliwa hulala kwenye mafungu karibu na ufukwe. Sehemu yake hurudi polepole bahari ikitulia. Yakipita juu ya tuta, mchanga hutupwa bara, na huo mawimbi hayaurudishi. Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko daraja la kimbunga linalotangazwa redioni.

Mawimbi ya mbali yana tabia yake. Kundi la mawimbi yanayopishana kwa sekunde 15 husafiri karibu kilomita 1,000 kwa siku. Urefu kutoka wimbi hadi wimbi ni kama mita 350, nayo huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 175 hivi. Yakikaribia ufukwe hupungua mwendo na kuinuka ghafla, hata kama anga ni jeupe na upepo umelala.

Kwa hiyo nikifika ufukweni huhesabu kwanza sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikipanda kutoka 7 hadi 15, na bamvua, yaani maji kujaa sana kuliko kawaida, iko njiani, nahamisha vifaa vyangu na kuwasihi wanaoogelea watoke majini.