Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo: maswali ya wazazi

Kwa nini mwanangu hupaliwa karibu kila anapokula?

Kumeza ni kazi ya zamu: midomo hufunga, ulimi husukuma chakula nyuma, kisha koo huziba njia ya hewa kipite. Anayepanga zamu hizo ni ubongo. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano kali akiwa mchanga, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo, huenda ubongo wake ukaumia sehemu inayoongoza misuli hiyo. Ulimi utatema chakula, taya zitang'ata kijiko, koo litachelewa kufunga. Huo si ukaidi, wala hakuna aliyemroga. Lakini chakula kinachopotea njia huishia mapafuni, na nimonia za mara kwa mara nyingi huanzia hapo.

Nianze kubadilisha nini?

Mkao. Kabla ya uji, kabla ya kijiko.

Jaribu mwenyewe: tazama dari, kisha meza mate. Sasa inamisha kidevu kidogo, umeze tena. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali, au kichwa kimeanguka nyuma, anameza kwa namna ile ya kwanza kila siku, na njia yake ya hewa iko wazi.

Mkalishe makalio yakiwa nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zikiegemea kitu kigumu. Tofali lililofungwa kitambaa linatosha. Viringisha kanga mbili, moja kila upande wa kiuno, asiegemee upande mmoja. Kichwa kiwe katikati, kidevu kimeinama kidogo bila kugusa kifua. Wewe kaa mbele yake, macho yako yawe sawa na yake. Ukimlisha umesimama, atainua uso kukutazama na kazi yote ya mkao itapotea.

Kama hakuna kiti, mpakate upande, mkono wako ukipita nyuma ya mabega yake. Hapa wengi hukosea: kichwa kikianguka nyuma, humsukuma kisogoni. Mtoto anayekakamaa akisukumwa kisogoni hurudisha kichwa nyuma kwa nguvu zaidi, na mgongo hupinda kama upinde. Yalete mabega mbele, nyonga zikiwa zimekunjwa, kichwa kitafuata.

Kijiko kitumike vipi?

Chagua kijiko cha chai kilicho bapa. Cha plastiki dhaifu hakifai, kwani mtoto anayeng'ata anaweza kukivunja. Weka chakula nusu kijiko tu. Kilete kutoka mbele, usawa wa mdomo, ukiweke katikati ya ulimi na kubonyeza chini kidogo, kisha ukitoe kikiwa kimenyooka. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu, maana hilo humfanya anyanyue kichwa. Aking'ang'ania kijiko usikivute. Subiri taya zilegee.

Kisha ngoja ameze. Wengine humeza mara mbili kwa tonge moja. Kijiko kinachofuata kikija mapema, kinakikuta cha kwanza bado kooni. Kumbana pua ili afungue mdomo ni hatari: atavuta pumzi kwa mdomo, na chakula kitaingia pamoja na hewa.

Uji uwe mzito kiasi gani?

Ukiinamisha kijiko, uji udondoke taratibu kwa bonge. Ukitiririka kama chai, unafika kooni kabla koo halijajiandaa. Ndiyo maana watoto wengi hupaliwa kwa maji kuliko kwa ndizi iliyopondwa. Chakula kiwe laini, cha aina moja; mchuzi wenye vipande ni mgumu kwao, kwa kuwa mchuzi hutangulia na vipande hubaki mdomoni.

Unga wa kimea, ambao wengi tunausifu, hulegeza uji. Kwa mtoto anayepaliwa na vimiminika, usiutie. Mate nayo hulegeza uji: kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini kitaufanya mwepesi kabla hajamaliza. Pakua kidogo kidogo kwenye kikombe cha pembeni.

Anakula saa nzima, lakini haongezeki uzito.

Saa nzima ni nyingi mno. Anachoka, na uchovu huongeza kupaliwa. Komea dakika 30, mpe milo 5 au 6 kwa siku. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 kwa mlo, kama kikombe kimoja, kwa hiyo kila kijiko kiwe na nguvu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta huongeza kalori zipatazo 40. Tia pia karanga zilizosagwa laini kabisa, parachichi, yai lililoiva vizuri au unga wa dagaa. Baada ya mlo asilazwe kwa dakika 30, hasa kama hucheua.

Kliniki wampime mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Atibiwe mara moja.

Nitajuaje kwamba chakula kinaingia mapafuni?

Kikohozi wakati wa kula, macho kutoa machozi, sauti yenye majimaji baada ya kumeza, homa zinazojirudia. Wapo wasiokohoa kabisa, na hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi. Akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Midomo ikibadilika rangi, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje hata saa moja.

Dawa ya kifafa niichanganye kwenye uji?

Usiitie bakulini. Asipomaliza hutajua amekosa dozi kiasi gani, na uchungu wake utamfanya auchukie uji wenyewe. Mpe kwanza, katika kijiko kimoja cha chakula kizito, akiwa amekaa mkao ule ule. Kabla ya kusaga vidonge muulize mfamasia, kwani vingine havisagwi. Akiwa katikati ya degedege, au bado ana usingizi baada yake, usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu hadi azinduke kabisa.