Udongo wa mfinyanzi si rangi jamani

Huku Malindi ukisema tu wataka kupanda mawaridi, atatokea mtu aangalie shimo, aone udongo mwekundu umekauka kau, akwambie "huo udongo wa mfinyanzi, mwaga mchanga wa pwani ulainike." Yaani makosa mawili kwa pumzi moja.

Mfinyanzi ni udongo uliojaa chembe ndogo mno, zile za chini ya milimita 0.002, basi. Rangi haimo. Wekundu ni kutu ya chuma na kutu hushika hata mchanga, ndio maana ule udongo mwekundu wa Magarini mwingi wake ni mchanga, nenda Marafa pale kwenye korongo la Nyari uone mvua inavyouchonga. Mfinyanzi wenyewe utafute mabondeni mwa Sabaki, mto ukifurika maji yakatuama, zile chembe laini ndipo hushuka. Na kukauka ukawa mgumu pia si dalili, udongo mwingi ukipigwa na jua hukauka ukawa mgumu. Lowesha kidogo, ukande, halafu ubane baina ya kidole gumba na cha shahada utoe utepe, ukipita sentimita 5 haujakatika hapo sawa, ni mfinyanzi.

Sasa huo mchanga. Ukitia kidogo, chembe ndogo za mfinyanzi zinajaza nafasi zote za katikati ya mchanga, ukikauka unapata zege. Tena wa pwani una chumvi na chokaa ya matumbawe, na waridi lapenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6 hadi 6.5 hivi, chokaa ikizidi linakosa chuma majani yanageuka manjano. Kinachofungua mfinyanzi ni samadi iliyooza au mboji, zinashikanisha chembe ziwe vibonge vibonge, hewa ipite. Changanya tuta zima, uliinue kidogo, maana ukichimba shimo moja ukalijaza udongo laini, masika maji yatajaa humo na mizizi ioze. Na ukiona udongo unanata kwenye jembe, acha, ngoja ukauke kidogo.

Halafu mfinyanzi wasingiziwa tu, unashika chakula vizuri na waridi ni mlaji. Kwa hivyo ndugu yangu unayelia una mfinyanzi kwa sababu kanzu yako imeshika wekundu, toa utepe kwanza, huenda ni mchanga tu huo na shida yako ni kinyume, maji hayakai.