Uzito wa puani hauvuti kitu

Msimu wa Pinewood Derby, mbio za vigari vya mbao za skauti wadogo, umefika tena huku Marekani, na tena naletewa mezani kigari kilichosokomezwa uzito wote puani. Nikimuuliza mzazi sababu, jibu ni lilelile: "Si ndio utalivuta gari mteremkoni?" Hauvuti, ndugu yangu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye mizani ya ukaguzi kabla ya skauti wadogo kushindana, na siku hiyo foleni ni ndefu, siwezi kumweleza kila mtu. Someni hapa.

Ya msingi mnayajua: kipande cha msonobari, misumari minne ya kuwa ekseli, magurudumu manne ya plastiki, kikomo wakia 5, yaani gramu 142 hivi. Tangu kiongozi wa skauti Don Murphy aanzishe mbio hizi Manhattan Beach, California, mwaka 1953, hakuna injini. Kigari kinashuka kwa uvutano wa dunia, basi. Jazeni wakia zote 5. Kigari chepesi huumia zaidi kwa upinzani wa hewa na kwa nguvu inayoliwa na kuzungusha magurudumu. Hilo silirudii.

Sasa, huo uzito ukae wapi? Njia ina mteremko, kisha tambarare hadi mwisho. Kwenye lango la kuanzia, juu ya mteremko, vigari vyote vimeegemea vijiti, pua sawa kwa sawa, mikia juu. Uzito ukiwa mkiani unaanza kuanguka kutoka juu zaidi, na kwenye tambarare wote mnafika kimo kilekile. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo nishati yako, huna nyingine. Chukua mteremko wa nyuzi 30 na lango lenye kimo cha mita 1.2: ukirudisha kitovu cha uzito (pale kigari kinapolala sawa ukikiegemeza) nyuma sentimeta 5, kimepanda sentimeta 2.5. Hiyo ni asilimia 2 ya nishati, asilimia 1 ya mwendo.

"Asilimia moja tu?" baba mmoja aliniuliza, midomo kaibetua. Ndiyo, mzee. Tambarare ikichukua sekunde 2, umeokoa sekunde 0.02, na kwa mwendo wa mita 4.5 kwa sekunde hizo ni sentimeta 9. Nusu ya urefu wa kigari! Watoto hulia kwa pengo dogo kuliko hilo.

Ila msizidishe. Uzito ukiwa nyuma mno, pua inakuwa nyepesi na kigari kinayumba au kuruka pale mteremko unapokutana na tambarare. Wengi tunalenga kitovu kikae inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma. Kusema kweli, inchi hiyo siichukulii kama msahafu. Kwenye njia ya alumini iliyonyooka nathubutu kurudi nyuma kidogo. Kwenye njia ya mbao yenye viungo vibovu nasogeza mbele, na sina hesabu ya kuniambia kiasi gani. Nakisukuma sakafuni, nakitazama.

Mkiweza, nunueni metali ya tangsteni. Kwa ujazo uleule ni nzito kuliko madini ya risasi kwa karibu mara 1.7, hivyo inakaa yote mkiani bila kusambaa. Risasi ni sumu, na anayekishika kigari ni mtoto.

Misumari: piga tupa ile mikwaruzo iliyo chini ya kichwa, msasa laini, kisha unga wa grafaiti wa kulainisha. Gurudumu moja la mbele kuinuliwa lisiguse njia kunasaidia, lakini baadhi ya vikundi hukataza, someni kanuni zenu. Mabawa na pua za ndege hazina maana kubwa; kigari chembamba kinatosha. Na mwachieni mtoto msasa. Mkunjo uliokatwa kwa msumeno wa umeme naujua nikiuona.

Kabla ya kuja mezani, weka alama inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma, kisha kalishe kigari juu ya ukingo wa rula hapo kwenye alama. Kikiangukia puani, rudi kwenye drili, uzito urudi nyuma.