Mnyoo aliyejikunja ndani ya Thomson: ametoka wapi, na umfanyeje

Mama mmoja anayeuza samaki soko Kenya, hapa Lubumbashi, alituletea maabara mfuko mweusi wenye Thomson watatu, samaki wa baharini wanaouzwa wakiwa wamegandishwa. Mmoja alikuwa amekwisha kupasuliwa. "Dokta, hii samaki iko na badudu ndani, mteja ameirudisha. Niitupe ao niipike?" Alikuwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu karatoni nzima ndiyo mtaji wake.

Tulimpasua wa pili mbele yake, kuanzia tundu la haja hadi chini ya mashavu. Juu ya ini palikuwa na kitu cheupe kilichojiviringa bapa kama kamani ya saa, hakifiki upana wa ukucha wa kidole kidogo, kimefunikwa na utando mwembamba unaong'aa. Nilipomnyoosha kwa kibanio alifika sentimita mbili na kidogo. Tukaona wengine wanne kwenye matumbo na pembeni mwa mayai. Katika nyama nene ya mgongo hatukuona hata mmoja.

Mama alisema ni funza. Si funza. Funza ni mtoto wa nzi, ni mnene, ana vipingili, na humwingia samaki aliyekaa nje akaanza kuoza. Huyu ni mnyoo, wataalamu humwita Anisakis, na alimwingia samaki angali hai, mbali baharini. Muuzaji hana kosa hapo, wala dereva aliyemleta.

Thomson tunayekula Lubumbashi kwa sehemu kubwa huvuliwa katika maji baridi ya mkondo wa Benguela, mbele ya pwani ya Namibia. Hugandishwa melini, hushushwa Walvis Bay, kisha malori humpitisha Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Safari ya mnyoo ilianza kabla ya hapo. Wazazi wake wanaishi ndani ya tumbo la nyangumi na pomboo, vichwa vyao vimezama katika ukuta wa tumbo. Mayai hutoka na kinyesi, vitoto huanguliwa majini na kumezwa na krili, viumbe wadogo wanaofanana na kamba. Thomson anawapenda sana krili. Akiwala, mnyoo hutoboa utumbo wake, hujikunja juu ya ini na kungojea. Samaki mkubwa akimmeza Thomson, mnyoo hahangaiki: huhamia kwa huyo mkubwa na kujikunja tena. Ndiyo maana samaki walaji, wakubwa na wazee, huwa na minyoo mingi kuliko wadogo. Lakini ndani ya samaki hakomai wala hatagi. Anangoja pomboo au nyangumi.

Kwa hiyo, ukimkuta, jua samaki wako ametoka katika bahari ambayo nyangumi na pomboo wangali wanaishi ndani yake. Mimi hilo hunifurahisha kila mara.

Mbona basi katika makayabu, yaani samaki wa chumvi, hatumwoni sana? Kwa sababu makayabu hupasuliwa na kutolewa matumbo kabla ya kutiwa chumvi, ilhali Thomson hugandishwa mzima, na matumbo yake humo humo. Samaki anayetengenezwa makayabu katika bahari ya kaskazini ya Atlantiki naye ana minyoo, tena ana aina nyingine ya rangi ya kahawia, mrefu zaidi, ambayo wazazi wake hukaa ndani ya sili. Huko viwandani nyama hupitishwa juu ya meza yenye taa chini yake ili minyoo ionekane na kuondolewa, na chumvi nyingi ikikaa muda wa kutosha huua iliyobaki.

Je, anaweza kutudhuru? Akiwa hai, ndiyo. Mwaka 1960 mtafiti wa Uholanzi, P. H. van Thiel, alieleza jinsi mnyoo wa samaki aitwaye heringi alivyowaumiza tumbo watu waliokuwa wakimla bila kupikwa. Mnyoo hudhani amefika kwa pomboo, akajaribu kuzamisha kichwa katika ukuta wa tumbo la mtu. Hafiki mbali, atakufa, lakini maumivu yake ni makali, mara nyingi saa chache tu baada ya kula. Mwaka 1968 Uholanzi ikalazimisha heringi wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza. Japani, wanaokula sana samaki wabichi, ndiko ugonjwa huu unakoonekana zaidi.

Baridi kali humwua. Kanuni za Ulaya zinataka −20 °C hadi katikati ya nyama kwa saa 24 au zaidi. Za Marekani zinataka siku 7. Moto humwua upesi zaidi: nyama ikifika 60 °C hadi ndani kwa dakika moja, amekwisha. Thomson wa kukaangwa, au wa mchuzi wa nyanya unaochemka kando ya bukari (ugali), hupita kiwango hicho mbali. Limau na siki hazitoshi, hata nyama ikigeuka nyeupe na kuonekana kama imeiva.

Jibu letu kwa mama likawa hili: toa matumbo, kwangua utando mweusi wa tumboni, kata ile nyama nyembamba ya tumbo ikiwa ina minyoo, osha, pika. Usimtupe.

Samaki wa bahari kuu wana wageni wengine pia. Jodari hubeba vifuko vya manjano, na ukikifungua kimoja mara nyingi utakuta minyoo wawili wanaoishi pamoja. Vitu vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama huweza kuwa vitoto vya tegu ambaye hukomaa ndani ya papa. Yuko pia Kudoa, mdogo hata macho hayamwoni, aliyeelezwa Afrika Kusini mwaka 1924 kutoka kwa samaki aitwaye snoek: samaki akishakufa, nyama yake hulainika mpaka kuwa kama uji. Hakuna kati ya hao anayeweza kukuua kutoka sufuriani.

Kinachonitia hofu mimi ni kitu kisichoonekana kabisa. Courant, yaani umeme, ikikatika, karatoni ikayeyuka, samaki akashinda kwenye joto kisha akagandishwa tena, bakteria hutengeneza histamini, aina ya sumu, ndani ya nyama yake. Moto hauiondoi, hata ukichemsha saa nzima. Aliyemla huwashwa mdomo, uso hugeuka mwekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Nimeona wateja wakimrudisha Thomson mzuri mwenye mnyoo mmoja aliyekufa, wakachukua karibu yake samaki mwenye macho yaliyozama, nyama inayobonyea na maji mekundu chini ya karatoni. Tazama macho, bonyeza mgongo, nusa mashavu. Barafu nyingi iliyoshikamana ndani ya karatoni, na samaki waliopindika na kubanana, ni dalili kwamba waliwahi kuyeyuka.

Kuna watu wachache ambao mnyoo huyu huwadhuru hata akiwa amepikwa, kwa sababu miili yao imejifunza kumkataa, na baadhi ya protini zake hazivunjiki kwa moto. Ngozi huvimba mabaka, midomo hufura, pumzi hubana. Mtu akibanwa pumzi, mpelekeni hospitali mara moja. Na yeyote anayeshikwa na maumivu makali ya tumbo baada ya kula samaki wa baharini asiyeiva, hata kama ni mkahawani safarini, amwambie daktari alikula nini na saa ngapi. Daktari akijua hilo mapema, anaweza kuingiza kamera tumboni, akamwona mnyoo, akamtoa kwa kibanio siku hiyo hiyo.