Imba kwanza, ndipo upige

Wanaoanza piano huniuliza: nijifunze kusoma nota, au nipige kwa kusikia tu? Sijibu papo hapo. Nafunga kifuniko cha piano, naweka karatasi mbele yao na kuwaambia, "Niimbie mstari huu."

Wengi hukwama, hata waliosoma nota miaka mingi. Nina mwanafunzi aliyekuwa katika mwaka wake wa nane nilipompa wimbo wa F meja, yaani uliojengwa juu ya nota ya F. Katika ufunguo huo nota ya B hushushwa nusu hatua, lakini kwenye nakala ile alama ya flati ilikuwa imesahaulika. Akapiga B ya kawaida kila ilipotokea, mpaka mwisho, uso umetulia. Kila fa ya wimbo, yaani nota ya nne ya ufunguo, ilikuwa imepanda nusu hatua, na sikio lake halikushtuka. Macho yalituma habari moja kwa moja kwenye vidole.

Aliyeshtuka ni kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake mlangoni, ambaye hasomi hata nota moja. "Mwalimu, samahani, pale pana kitu hakijakaa sawa."

Nikamwita aupige yeye. Sauti ya juu ilikuwa safi, besi nayo safi. Sauti mbili za katikati hazikuwepo kabisa. Ndivyo sikio lilivyo: hudaka kilicho juu na kilicho chini, na cha katikati hujificha humo ndani. Isitoshe, aliupiga katika C, kwa kuwa huo ndio ufunguo anaoumudu. Kwenye kinanda cha umeme hubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, na vidole vyake havijawahi kulazimika kujua njia nyingine.

Mimi sioni njia mbili hapa. Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 ambaye mistari ya nota inahusishwa sana na jina lake, ndiye pia aliyefundisha ngazi za sauti kwa majina ya ut, re, mi, fa, sol, la. Alichukua silabi za mwanzo za vifungu vya utenzi wa kanisa ambao kila kifungu huanza ngazi moja juu ya kilichotangulia. Mwimbaji akiushika utenzi ule, kila ngazi ilikuwa tayari masikioni mwake, na alipoona alama alijua inavyolia. Alama ilikuja kumkumbusha mtu sauti anayoijua. Ndiyo maana Beethoven, akiwa kiziwi, aliweza kuandika Simfonia ya Tisa iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1824: nota zilikuwa zikilia ndani yake.

Wapo wanaonitajia Erroll Garner, mpiga piano wa jazi ambaye hakusoma nota. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini ukitaka kupiga sauti nne usizowahi kuzisikia popote, karatasi ndiyo itakayokupa.

Basi nikawabadilishia kazi. Kijana wa sikio anaandika kila juma mapigo manane ya wimbo anaoujua, akianza na sauti za katikati. Zinamtesa, na anazipata. Yule msomaji haruhusiwi kugusa piano kabla hajaimba mkono wa kushoto. Juzi aliimba nusu ya mstari, akanyamaza, akarudia, kisha akaniwekea kidole kwenye karatasi: "Mwalimu, hapa wameandika sawa kweli?"