Je, wajua kwa nini bustani ndogo huonekana ndefu maua yakifichana?

Ukitoka Tanga mjini kwenda Muheza, safu ya Usambara Mashariki hujitokeza mbele ikiwa ya buluu iliyopauka. Ukiipanda mpaka Amani, buluu huioni tena. Umo ndani ya msitu wa kijani mzito. Rangi ile haikuwa mlimani. Ilikuwa katika hewa iliyotanda kati yako na mlima, kwa kuwa chembe za hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Hewa ya kilomita nyingi ikishajazana mbele ya macho, weusi wa msitu hupauka na miti hupoteza kingo zake. Jicho limeyazoea hayo tangu utotoni, nalo huamua lenyewe kwamba kilichopauka kiko mbali.

Mwenye bustani anaweza kuitumia tabia hiyo ya jicho. Tuta la hatua nne halina hewa ya kutosha kupausha chochote, lakini ukipanda majani ya kijivu na maua yaliyofifia nyuma, ukaweka rangi kali mbele, jicho hupata dokezo lilelile la mlimani na kudanganyika kidogo. Nasema kidogo, maana tuna macho mawili, na kwa vitu vya karibu tofauti ya picha zao hutuambia umbali vizuri sana. Hakuna atakayedhani uwanja wako unafika Pongwe. Ataona tu kwamba una nafasi kuliko alivyotarajia.

Jicho halina futi kamba. Hukisia kwa kuunganisha dokezo nyingi, na barabara hiyohiyo ya Muheza huzionyesha karibu zote. Mistari ya mkonge imepandwa sambamba, lakini huonekana ikikaribiana kadiri inavyokwenda. Mkonge wa kando ya lami unauona mpaka mwiba wa nchani. Wa katikati ya shamba ni michirizi. Wa mwisho ni rangi tu. Na basi likishika kasi, mimea ya karibu hukimbilia nyuma huku mlima ukiwa umetulia palepale.

Lakini dokezo lenye nguvu kuliko hizo zote ni jepesi mno: kinachokifunika kingine ndicho kilicho mbele. Hapa ndipo bustani nyingi za majumbani kwetu zinapokosa kina, hata zikiwa na maua ya kupendeza. Miche imepangwa mstari mmoja kandokando ya ukuta, kila mmoja na nafasi yake, na mbele yake mawe yaliyopakwa chokaa. Kila kitu kiko wazi. Hakuna ua linalomziba mwenzake, kwa hiyo jicho hupita mara moja, likagonga ukuta, kazi ikaisha. Ule ushauri wa wafupi mbele na warefu nyuma ni mzuri, ila ukifuatwa kwa unyoofu wa paredi huzaa ngazi, na ngazi nayo huonekana bapa. Heri mmea mmoja mrefu, mwembamba, usogezwe mbele ili mtu atazame kupitia majani yake.

Kuna nyumba moja Chumbageni ambayo uwanja wake wa nyuma ni kama hatua nane kutoka barazani hadi ukutani. Mwenye nyumba alikuwa na mimea ile ile ya kila mtu: iksora, krotoni, mshubiri, mchaichai. Alichofanya ni kuing'oa kwenye mstari na kuipanda kwa mafungu. Karibu na baraza, upande wa bomba ambako maji ya kuoshea vyombo hayakauki, aliweka magimbi yenye majani mapana na iksora nyekundu mbele yake. Krotoni zikahamia katikati, upande wa pili, zikimega theluthi moja ya njia. Nyuma kabisa ndiko alikopanda vitu vya rangi ya kufifia: mshubiri, plumbago yenye maua ya buluu hafifu, na mvinje mchanga ambao majani yake ni membamba kama nyuzi. Mpwa wake alipofika likizo alishangaa.

"Shangazi, mbona umeziba njia?"

"Sijaiziba, nimeipinda."

Na kweli, njia ile huanza na upana wa futi nne hivi, ikapungua hadi mbili, kisha ikapotelea nyuma ya krotoni. Ukikaa barazani huoni inakoishia. Akili hukataa kuamini kwamba njia imekwenda kuishia kwenye ukuta, hivyo huiongezea urefu yenyewe. Majani nayo yanasaidia: makubwa yakiwa mbele na membamba nyuma, jicho huyasoma kama linavyousoma mkonge, kwamba yale madogo yamedogoshwa na umbali.

Nyekundu ya iksora ina sababu nyingine ya kukaa mbele. Lenzi ya jicho hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, hivyo picha za rangi hizo mbili haziangukii sehemu ileile kabisa nyuma ya jicho. Kwa watu wengi matokeo yake ni kwamba nyekundu husogea karibu na buluu hurudi nyuma. Wachache huona kinyume chake.

Sasa mtu atauliza: kama kilichopauka huonekana mbali, mbona ukuta mweupe wa chokaa hauonekani mbali? Kwa sababu hewa hupausha na kupunguza tofauti kwa pamoja. Ukuta uliopigwa na jua la Tanga, wenye majani meusi ya mwembe mbele yake, una tofauti kali ya mwanga na giza, na tofauti kali ni alama ya ukaribu. Ukuta wa namna hiyo hukufuata mpaka barazani. Uvishe mmea unaotambaa, au uupake rangi ya kijani-kijivu iliyokaribiana na majani ya nyuma. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kununua hata mche mmoja.

Waliovuka mipaka katika mchezo huu ni Wataliano. Kwenye jumba la Palazzo Spada mjini Roma kuna ujia wa nguzo uliojengwa na msanifu majengo Borromini katika karne ya 17. Una urefu wa mita 9 hivi, lakini ukiutazama kutoka mbele unaonekana mara kadhaa ya hapo, kwa kuwa nguzo zinafupishwa, sakafu inapanda na kuta zinakaribiana kadiri unavyoingia ndani. Ni hila ya njia ya Chumbageni, ila imejengwa kwa mawe na fedha nyingi.

Wajapani wana hila nafuu zaidi: huacha mlima au mti ulio nje ya boma uonekane juu ya uzio, ukawa sehemu ya bustani. Tanga tuna minazi ya majirani. Kama kuna mmoja unaochungulia juu ya ukuta wako, usipande kitu kirefu cha kuuziba. Panda mvinje pembeni yake, na mwisho wa bustani utakuwa uwanjani kwa jirani.

Saa nayo ina neno. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hapa hupita karibu kabisa na utosi, vivuli vikajikunja chini ya mimea, na bustani yoyote huonekana bapa. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni mwanga huja kwa ubavu, kila fungu likatupa kivuli kwenye fungu la nyuma yake. Ukitaka kujua kama mpangilio wako umekaa, ukague saa hizo, ukiwa umeketi pale ambapo wageni wako huketi.

Kupanda ni vizuri kungojea masika yashike. Viriba hutolewa, mizizi hupata unyevu wa wiki nyingi, na gharama ya maji inapungua. Acha nafasi kati ya mafungu hata kama mwanzo inaonekana tupu, kwani magimbi yakipata maji hujaa haraka. Krotoni za katikati zipogolewe zisizidi kiuno. Zikipita hapo, mtu aliyekaa barazani haoni tena cha nyuma.