"Uhusiano" wa hifadhidata si ule mstari

Katika ofisi nyingi za Nairobi, hifadhidata ikianza kutoa ripoti zisizolingana, amri huwa moja: "Majedwali hayana uhusiano, yaunganishwe." Fundi anafungua Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, anaingia kwenye ile picha ya majedwali, anavuta mstari kutoka kisanduku hiki hadi kile, na kazi inahesabiwa imekwisha. Mwezi unaofuata ripoti inatoka na makosa yale yale. Waliotoa amri walidhani neno "uhusiano" linaitaja hiyo mistari.

Maana kwa ufupi: hifadhidata ya kimahusiano huweka data zote katika majedwali, kila rekodi ikitambulishwa na ufunguo wake, na rekodi ya jedwali moja ikiitaja ya jedwali jingine kwa thamani ya ufunguo huo tu. Basi. (Tanzania wengi wataiita kanzidata, kutokana na kanzi, yaani hazina. Kitu ni kile kile.)

Neno lenyewe ndilo lenye mambo. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha makala ya mwaka 1970 iliyoanzisha mfumo huu, na "uhusiano" wake aliutoa katika hisabati ya seti. Humo, uhusiano ni seti ya mafungu ya thamani zinazokwenda pamoja. Chukua namba za wanachama, majina na tarehe za kujiunga. Namba moja, jina moja na tarehe moja ni fungu moja, nasi tunaliita rekodi. Mafungu yote kwa pamoja ndiyo uhusiano. Yaani uhusiano ni jedwali lenyewe! Hifadhidata yenye jedwali moja, isiyo na mstari hata mmoja, bado inaweza kuwa ya kimahusiano.

Mistari ilivuma kwa njia nyingine, hasa baada ya Peter Chen kuchapisha mwaka 1976 modeli yake ya kuchora vitu na mahusiano yaliyo kati yake. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kwa dhana hizi mbili, relation (jedwali) na relationship (mstari), na wenyewe bado huyachanganya. Sisi tuna moja, na sarufi yetu inatusukuma zaidi kosani. Husu, husiana, uhusiano: hiyo -an- ni ya kutendana, na kutendana hakuwi kwa mmoja. Ukisema "uhusiano", msikilizaji anauliza palepale, kati ya nani na nani? Anatazama, anaona majedwali mawili, anajijibu. Sikio lake halikukosea kudai zaidi ya mmoja, ila limewatafuta nje ilhali wamo ndani. Zinazohusiana ni thamani za rekodi moja: namba hii, jina hili, tarehe hii.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Tuseme ni sacco, na jedwali la mikopo lina namba ya mkopo, mkopaji, kiasi, kisha mdhamini1, mdhamini2, mdhamini3. Vuta mistari mitatu kwenda jedwali la wanachama na picha itapendeza. Lakini mdhamini wa nne hana pa kuandikwa. Kujua mwanachama amedhamini mikopo mingapi kunataka upekue safuwima tatu, na mwandishi wa ripoti akisahau moja, aliyebeba mikopo miwili anaweza kuonekana hana mzigo. Na kiasi alichodhamini kila mmoja kikae wapi? Ubovu umo ndani ya jedwali: habari za udhamini zimebanwa ndani ya rekodi ya mkopo.

Dawa ni jedwali la tatu, udhamini, lenye namba_mkopo, namba_mwanachama na kiasi. Safuwima mbili za kwanza kwa pamoja ndizo ufunguo msingi, yaani unaoitambulisha kila rekodi bila kujirudia. Kiasi kiruhusiwe kuwa tupu hadi kijazwe kutoka kwenye fomu. Weka nakala rudufu, kisha kwa kila safuwima ya zamani toa agizo hili la SQL, lugha ya hifadhidata:

INSERT INTO udhamini (namba_mkopo, namba_mwanachama)
SELECT namba_mkopo, mdhamini1 FROM mikopo
WHERE mdhamini1 IS NOT NULL;

Rudia kwa mdhamini2 na mdhamini3. Ufunguo ukikataa rekodi, mtu yuleyule aliandikwa mara mbili kwenye mkopo mmoja. Usiulegeze, katazame faili. Idadi ya wadhamini katika safuwima zile tatu ilingane na rekodi za udhamini kabla hujafuta safuwima hizo.

Halafu tafuta mayatima, rekodi zinazotaja mwanachama asiyekuwepo. Mara nyingi ni '0042' ya maandishi huku na 42 ya tarakimu kule, au mwanachama alijitoa akafutwa. Usifute udhamini wake, kuna deni linaloning'inia hapo. Mrudishe kwenye wanachama kwa hali ya "ametoka". Mayatima wakiisha ndipo uweke ufunguo wa nje, yaani sharti kwamba namba inayotajwa lazima iwepo katika jedwali jingine. Access hukataa kuulazimisha wakiwepo, na hapo ndipo wengi huondoa alama ya kulazimisha, mstari ukabaki pambo. Kwenye programu ya MySQL, jedwali la aina ya MyISAM hupokea agizo la ufunguo wa nje na kulipuuza kimya kimya, tumia aina ya InnoDB. SQLite, programu nyingine ya hifadhidata, nayo kwa kawaida haiulazimishi mpaka uiamuru, tena kila unapounganisha. Ile hiari ya kufuta mzazi (rekodi inayotajwa) pamoja na watoto wake (rekodi zinazomtaja), kwenye mikopo iache kabisa.

Kwa hiyo anayesema "majedwali hayana uhusiano" aghalabu anakusudia kwamba hayana funguo za nje. Aseme hivyo, fundi atajua aanzie wapi. Na kama anachotaka ni ile picha, basi aombe mchoro.